Chakula cha wageni kimegoma? Tafuta kilichoharibika kabla hujaongeza kitu

Mtu anayejifunza kupika, akipikia watu wawili mambo yanaenda vizuri tu, ila siku wakwe wanakuja au watu wa kanisani ama wa msikitini, kila kitu kinageuka. Wali unapata kiini, nyama haiivi, mchuzi chumvi tupu, na yeye anaanza kurusha vitu kwa sufuria, maji kidogo, viungo vya paketi, nyanya ingine, limao. Hapo ndo chakula kinakufa kabisa. Mimi nasema ukiona shida punguza moto kwanza, mikono itoke kwa chumvi, alafu ujiulize: moto ulikuaje, maji yalikua kiasi gani, na hii kitu imekaa jikoni muda gani? Shida nyingi za siku ya wageni ziko hapo, viungo ni mara chache sana. Nimepanga kwa dalili, tafuta yako, usikae kusoma yote kama kuna sufuria inaungua saa hii.

Wali umeungua chini, juu una kiini

Moto wa chini ulikua mkali na sufuria ni nyembamba, zile nyepesi za alumini, basi moto unagonga pale katikati na maji yanakauka kabla mvuke haujafanya kazi juu. Usikoroge! Ukikoroga ile harufu ya kuungua inaingia kwa wali wote na punje zinavunjika. Toa sufuria motoni, chota ule wa juu uhamishie kwa sufuria ingine bila kugusa ukoko, nyunyizia maji ya moto kidogo kidogo, kama nusu kikombe kwa kilo ya mchele, funika vizuri, ukiwa na jani la ndizi liweke chini ya mfuniko lizuie mvuke. Alafu moto mdogo sana. Wa sigiri wana bahati hapa, unapalia tu, makaa machache yaliyoshika majivu yanakaa juu ya mfuniko na chini unaacha mawili matatu. Robo saa hivi, na usifungue fungue.

Kama haujaungua ila una kiini tu, ni maji yalipungua. Ongeza ya moto, sio ya bomba, maji baridi yanazima joto la sufuria na unaanza kungoja upya.

Wali umekua bokoboko

Hapa nitakaa kidogo maana ndo shimo la wanaopikia watu wengi mara ya kwanza. Unajua mchele kikombe kimoja maji viwili, imekutosha miaka yote, sasa wageni wanakuja unapima mchele vikombe kumi na maji ishirini, unapata uji. Hesabu yako haina kosa, ila maji yote hayaingii kwa mchele, mengine yanatoka na mvuke, na yale yanayotoka na mvuke yanafuata upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kuchemka, hayafuati wingi wa mchele. Kwa kasufuria kadogo sehemu kubwa ya maji inapotea hewani. Kwa sufuria kubwa inapotea sehemu ndogo tu, so yale mengine yote yanabaki na mchele unayanywa. Kwa vikombe kumi mimi naanza na maji kumi na tano, kumi na sita, na birika ya moto iko pembeni. Kuongeza kunawezekana, kupunguza je?

Kitu ingine ni mchele wenyewe. Mchele mpya wa mavuno, tuseme umetoka Butaleja au Bugiri hapa Uganda juzi juzi, bado una unyevu ndani na unataka maji kidogo kuliko ule uliokaa dukani. Muulize anayeuza, atakwambia. Na ukinunua aina ambayo hujawahi kupika, pika kikombe kimoja siku moja kabla, ni dawa rahisi kuliko zote hizi.

Ukishakua bokoboko lakini punje bado zinaonekana, umwage kwa sinia pana, upeperushe, mvuke utoke, utarudi rudi kidogo. Ukishakua uji weka kando, kesho utengeneze vitumbua, pika mwingine.

Pilau haina rangi, au ina uchungu

Rangi ya pilau ni kitunguu. Ukiweka vitunguu vingi kwa mafuta kidogo kwa sufuria imejaa, vinatoa maji na vinachemka badala ya kukaanga, vitakua laini na vyeupe mpaka jioni. Kaanga kwa mafungu. Uchungu unatoka kwa kitunguu kilichopita kahawia kikawa cheusi, au karafuu zimezidi. Kitunguu kikiungua usikiokoe, mwaga na mafuta yake uanze tena, ni dakika kumi tu unapoteza na sio kilo tatu za mchele.

Nyama imechemka masaa na bado inarudisha meno

Kwanza ujue unaishi wapi. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi karibu 96, sio 100, na kule Kabale milimani ni kama 93. Kwa hiyo mtu wa Mombasa akikwambia saa moja na nusu nyama imeiva, yeye anapikia na maji yenye moto kuliko yako. Na kuongeza makaa hakusaidii kitu, maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanaruka ruka tu na kukauka, nyama inabana. Nyama ngumu ile ya mguu na shingo ina nyuzi ambazo zinalainika pole pole, moto wa kutokota kwa muda mrefu, mfuniko umefungwa. Sufuria ya presha ndo inavunja hii sheria sababu mvuke umefungiwa ndani, joto linapita 100, kama kuna jirani anayo omba mapema, usiende kuomba saa sita na nusu.

Sababu ya pili ni nyama yenyewe. Ukienda buchani ukasema tu nipe kilo tano, unapewa iliyopo. Sema ni ya nini, ya kuchemsha au ya kuchoma. Na kuku ndo kabisa. Broila ukimpa nusu saa mpaka dakika arobaini na tano imetosha, ukizidisha nyama inaachana na mifupa unatumikia nyuzi. Kienyeji jogoo mzee anataka masaa mawili na zaidi. Katikati kuna yule kuku wa mayai aliyestaafu, anauzwa bei nzuri, anaonekana mnene, watu wanampika kama broila na wanashangaa. Yeye mchukulie kama kienyeji.

Sasa wageni wamefika na nyama bado? Itoe kwa mchuzi, ikate ndogo ndogo kukatisha zile nyuzi sio kuzifuata, irudishe. Nyama ndogo mdomoni inahisi laini hata kama haijabadilika sana. Kwa siku ingine, papai bichi lililosagwa upake nusu saa kabla ya kupika linalainisha kweli, ila usilaze nalo usiku, utaamka na nyama kama uji.

Damu nyekundu karibu na mfupa wa broila haimaanishi lazima ni mbichi, hao kuku ni wadogo, mifupa haijakomaa na rangi ya uboho inatoka nje. Ila usibahatishe na wageni, hasa wazee na watoto. Kipimajoto kinataka nyuzi 74 ndani ya paja, na kama huna, pasua pale paja linapoungana na mwili uangalie, nyama ikiwa bado inateleza na ina rangi ya waridi rudisha motoni.

Maharage hayaivi

Ya zamani. Mara nyingi ni hilo tu, yamekaa stoo msimu mzima na ganda limekauka. Au umeweka nyanya mapema, uchachu wa nyanya unazuia maharage kulainika, nyanya zinaingia yakishaiva, sio kabla. Maji ya kisima yenye chokaa nayo yanachelewesha. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika kwa mapya, ikishindikana weka magadi kidogo sana, ukizidisha yanakua na ladha ya sabuni. Na yale mekundu makubwa usiyapike kwa joto la uvuguvugu kutwa ukidhani unaokoa makaa, yana sumu ambayo inakufa yakichemka kwa nguvu, yape nusu saa ya kuchemka hasa ndo upunguze moto.

Matoke

Dalili ziko tatu na kila moja na mama yake.

Ni machungu na yanakausha ulimi: umenunua mbidde, ndizi za pombe. Sokoni zinafanana kwa mtu ambaye hajazoea, na kijana wa boda aliyetumwa hajui hata yeye. Hakuna dawa, tafuta mengine. Siku ya wageni mtume mtu aliyekulia kwenye shamba la ndizi au nunua kwa mama mmoja unayemjua.

Ni matamu tamu: yalikua yameanza kuiva. Menya moja uangalie ndani, ikiwa na umanjano wa kuiva iweke kando.

Ni magumu, au yalikua laini na yamekua magumu mezani. Magumu toka mwanzo ni mvuke haukutosha, kuna mahali majani yamepasuka na unatoka, au maji ya chini yaliisha. Weka vikonyo vya majani chini vizuri ili matoke yasiguse maji, funga majani tabaka mbili tatu, na kila nusu saa sikiliza, sufuria ikinyamaza maji yameisha, mimina ya moto pembeni. Saa moja na kitu, unayabonyeza yakiwa bado ndani ya majani, unarudisha kwa moto mdogo tena mpaka watu wakae mezani. Hiyo kurudisha wanaoanza wanaruka wakidhani ni mbwembwe. Sio mbwembwe, wanga wa ndizi ukipoa unakaza, ndo maana matoke ya saa tano yaliyotolewa saa nane yanakatika na kisu. Yasitoke motoni mpaka sahani ziko tayari.

Na tafadhali, jani likikosekana usifunike na kaveera, ule mfuko wa plastiki. Najua watu wanafanya, najua mvuke unakaa vizuri. Plastiki ikipata joto hilo inaachia vitu vyake kwa chakula. Tumia mfuniko mzito na kitambaa safi kilicholowa.

Binyebwa (mchuzi wa karanga) vimemwagika, vina mabonge, au vina ladha mbichi

Mabonge ni kwa sababu umetia unga wa karanga kwa maji ya moto. Koroga kwanza na maji baridi kwa bakuli mpaka ilainike kabisa, ndo iende jikoni. Kumwagika ni sufuria imejaa au umefunika, hii kitu inapanda kama maziwa, isizidi nusu ya sufuria, iwe wazi, na wewe uwe hapo hapo. Simu weka chumbani. Ladha mbichi ni haraka, inataka dakika thelathini mpaka arobaini kwa moto wa chini, ukiona mafuta yameanza kuelea juu umefika.

Ila ikiwa na uchungu au harufu ya stoo, mwaga, hata kama wageni wako mlangoni. Karanga zenye ukungu zina sumu ya aflatoksini na kupika hakuiondoi, unaweza kuchemsha mpaka kesho. Nunua karanga nzima, chambua zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, alafu zisagwe ukiangalia. Unga uliosagwa tayari huwezi kujua ndani kulikua na nini.

Chumvi imezidi

Mara nyingi umetia mara mbili bila kujua, chumvi yako na ile iliyo ndani ya viungo vya paketi. Soma pakiti, chumvi iko kati ya vitu vya kwanza. Au ulionja mchuzi ukiwa mwingi ukasema sawa, alafu ukachemka ukapungua nusu, chumvi ikabaki ile ile. Onja mwisho.

Ile ya kutupa viazi ndani vinyonye chumvi haifanyi kazi hivyo watu wanavyosema. Kiazi kinanyonya mchuzi, maji na chumvi yake pamoja, ule unaobaki una chumvi vile vile. Kinachofanya kazi ni kuongeza wingi bila chumvi: maji na nyanya, maharage ambayo hayajawekwa chumvi, tui la nazi, au koroga binyebwa visivyo na chumvi uvimimine humo kwa nyama, mchuzi unakua mwingi na mtamu na hakuna atakayejua. Alafu posho, yaani ugali, isiwekwe chumvi kabisa, na wali wake upunguze, sahani itajisawazisha.

Chapati ngumu

Unga ulikua mkavu, au haukupumzika nusu saa, au fraipani ilikua baridi chapati ikakaa muda mrefu ikikauka. Moto wa wastani kwenda juu, kila upande dakika moja moja hivi. Na zikitoka zifunikwe na kitambaa moja juu ya ingine, ukiziacha wazi mezani hata nzuri inakua mbao.

Wewe mpishi kichwa kinauma, una kizunguzungu na kichefuchefu

Usiseme ni joto la jikoni. Kama sigiri iko ndani na mlango umefungwa sababu ya mvua, hiyo ni hewa ya makaa, ile gesi haina harufu wala rangi na inaua. Toka nje sasa hivi, na wengine watoke, fungua kila kitu, ukirudi kuwa sawa sigiri ibaki kwa veranda. Mtu akilegea au akizimia mkimbize hospitali, usimlaze kitandani apumzike. Na usiwahi kuingiza sigiri chumbani usiku eti inakaushia nguo au inatia joto.

Kila kitu kizuri lakini hakuna kilicho tayari kwa wakati mmoja

Hili sio tatizo la kupika, ni la mafiga. Una sigiri moja na gesi ya plate moja na umepanga vyakula sita. Hesabu moto, sio mapishi. Tuseme wanakuja saa saba mchana. Maharage yaliiva jana jioni, nyama imekatwa na karanga zimesagwa jana. Saa mbili na nusu washa makaa, yanataka kama nusu saa kushika. Saa tatu nyama inaenda, saa nne na nusu inatolewa na matoke yanakaa hapo hapo kwa sigiri mpaka mwisho. Gesi ndo inabeba binyebwa, mboga, kupasha maharage na nyama, na wali wa mwisho kabisa, saa sita hivi. Sufuria iliyotoka motoni ikiwa inachemka ukiifunga na blanketi inakaa na moto zaidi ya saa moja, hotpot za kila kitu sio lazima. Umeme usiuweke kwa hesabu, ukiwepo ni zawadi.

Na punguza. Hapa kwetu sahani moja inabeba matoke, wali, posho, viazi, yote pamoja chini ya mchuzi mmoja. Kilo ya mchele peke yake inalisha watu nane mpaka kumi, lakini kukiwa na matoke na viazi inaenda hadi kumi na tano. Wanaoanza wanapika kila chakula kama vile ndo peke yake, wanabaki na masufuria yamejaa na mchuzi umeisha. Mchuzi ndo uwe mwingi.

Mgeni hagusi chakula

Usikimbilie kudhani hakijaiva. Muislamu anataka kujua nani alichinja, mwambie mapema bila kuulizwa. Msabato hali nguruwe wala samaki asiye na magamba kama kambale, mpe ngege, yaani tilapia. Na kwa Baganda kuna muziro, mtu hali mnyama wa ukoo wake, wa ukoo wa Mamba hali samaki anayeitwa mamba hata umpikie vipi, na ukileta sinia la nsenene, wale panzi wa kukaanga, kwa furaha yote mwezi wa kumi na moja kumbe mgeni ni wa ukoo wa Nsenene, atacheka tu atakaa. Sio dharau. Piga simu siku mbili kabla, uliza "mama, kuna kitu hamli?", basi. Ukishachelewa, usimlazimishe na usiulize mbele ya watu, msogezee maharage na dodo, yaani mchicha.

Kimebaki kingi

Wali ndo wa kuangalia. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zao hazifi kwa kupikwa, wali ukikaa vuguvugu kwa sufuria kubwa mchana kutwa vinaamka na vinatoa sumu ambayo hata ukipasha haitoki. Ndani ya masaa mawili utandaze kwa sinia upoe, uingie friji. Huna friji, wafungie wageni waende nao ungali moto, na uwaambie wale leo leo.